Mombasa wakati wa mvua: mwongozo kamili kwa wenzi wawili wanaotoka Uganda

Wenzi wengi wa Uganda huenda Mombasa kati ya Mei na Julai. Sababu zinaeleweka: hoteli zimeshusha bei, watoto wako kwa bibi yao au wamerudi shuleni, na sikukuu za tarehe 3 na 9 Juni zinampa mfanyakazi nafasi ya kuunganisha siku za mapumziko. Wakirudi, malalamiko huwa yale yale. Mvua ilitufungia chumbani. Tulipokwenda kuogelea, bahari ilikuwa imekwenda mbali. Nguo zilinuka unyevu. Tulifika usiku wa manane, tumelowa, hatusemezani.

Mvua inalaumiwa bure. Kosa ni kupanga safari ya Juni kana kwamba ni ya Januari. Wakati wa kaskazi, ule upepo wa kaskazini wa Novemba hadi Machi, unaweza kukodi chumba chochote, maana mchana kutwa uko nje. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini unaoanza kama Aprili, utakaa chumbani saa nyingi na baharini saa chache. Kwa hiyo chumba na saa za maji huja kwanza, ufuo baadaye. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

## Unaingia msimu gani

Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Juni mvua hupungua, na Julai na Agosti ni kipupwe: joto la mchana kama nyuzi 27 au 28, usiku 20 na kidogo, manyunyu yanayokuja na kuondoka, upepo usiokoma. Hakuna baridi ya kutetemesha mtu. Kwa aliyezoea jasho la Mombasa ya Februari, hii ni raha.

Mvua ya pwani haifuati saa za Kampala. Sisi tumezoea asubuhi ya jua na wingu linalopasuka alasiri. Pwani, wakati wa kusi, mvua mara nyingi hunyesha usiku wa kuamkia asubuhi na asubuhi yenyewe, kisha mchana hufunguka. Anayeamka, akaona mvua saa moja na kukata tamaa ya siku nzima, anapoteza alasiri nzuri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa kwa kila mmoja, na pasipoti kama mnazo.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu yake.
- Makoti mawili ya mvua yenye kofia. Mwavuli mmoja unatosha, maana kusi huugeuza ndani nje.
- Viatu vya mpira vyenye soli imara vya kuingilia baharini. Kandambili huteleza kwenye mwamba na huvuliwa na maji.
- Nguo nyepesi zinazokauka upesi. Jinzi ikilowa Mombasa wakati huu, huenda ukairudisha Kampala bado mbichi.
- Sweta kila mmoja. Ni kwa ajili ya basi la usiku na Nairobi, ambako Juni na Julai ni baridi kweli.
- Mifuko ya kitambaa. Kaveera zote ziache nyumbani.
- Betri ya ziada ya simu, dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, na leso (kanga) mbili kubwa.
- Siku moja ya ziada kwenye ruhusa yako ya kazini. Hii nayo ni kifaa, na ndiyo watu husahau.

Kuhusu kaveera: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu zake ni kali. Hata ile uliyofungia viatu ndani ya begi itoe.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi angani

Wengi huchagua tarehe kwa bei ya hoteli peke yake. Anza na mwezi.

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mombasa, siku za bamvua, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Juma moja baadaye mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi, wakati mvua inanyesha, na kupwa alasiri, wakati jua limetoka.

Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndio wenzako. Panga siku zako za ufukweni ziangukie siku ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na siku tatu zinazofuata. Asubuhi mvua ikinyesha hukosi kitu, maana bahari yenyewe iko mbali. Alasiri mawingu yakifunguka, maji yamefika.

Ukishapata siku hizo, zichuje. Karibu na tarehe 3 Juni mabasi hujaa kwa sababu ya mahujaji wa Kenya wanaokuja Namugongo, na siku mbili tatu baadaye wote wanarudi njia utakayopita wewe. Ama ondoka kabla, ama kata tiketi wiki kadhaa mapema. Sikukuu za Idi nazo hujaza treni kutoka Nairobi. Ukiwa na hiari kati ya Mei na mwisho wa Juni, chukua mwisho wa Juni. Bei bado ni ya chini na mvua imepungua sana.

Umefaulu ikiwa una tarehe zilizoandikwa pamoja na saa za maji kujaa kwa kila siku. Jedwali la maji ya Mombasa linapatikana kwenye intaneti. Linakili kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika.

## Hatua ya 2: Tafuta chumba cha kukaa

Hapa ndipo safari inapopona au kufa, kwa hiyo usikimbie.

Kwanza eneo. Diani ni pazuri mno, lakini iko kusini, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na njia ya kawaida ni kivuko cha Likoni. Ukiwa na siku nne tu, za mvua, utakuwa umejitenga na kila kitu chenye paa. Kisiwani kwenyewe, karibu na Mji wa Kale, una chakula na historia mlangoni lakini huna ufuo wa kuogelea. Mimi huwashauri wenzi wakae Nyali, au Bamburi iliyo mbele yake kidogo. Bahari iko karibu, daraja la Nyali linakuingiza kisiwani bila kivuko, na kuna maduka makubwa na sinema kwa siku ya mvua kutwa.

Pili, chumba chenyewe. Pesa uliyookoa kwa kwenda msimu wa mvua usiirudishe mfukoni yote. Itumie kupanda ngazi moja ya ubora wa chumba. Wenzi wawili wakipata roshani yenye paa, viti viwili na birika la chai, mvua inakuwa sehemu ya mapumziko. Wakiwa na chumba cha kitanda na ukuta tu, ifikapo siku ya pili wanagombana juu ya chaja.

Piga simu. Usiishie kwenye picha, kwa sababu picha zote zilipigwa Januari. Mazungumzo yaende hivi:

"Habari za leo, dada? Natumaini hamjambo."

"Hatujambo, karibu sana."

"Asante. Tunakuja wawili, mimi na mke wangu, tarehe 28 mwezi huu. Naomba kuuliza machache kuhusu chumba."

Kisha uliza haya:

- Roshani ina paa? Mvua ikija na upepo wa kusi, maji yanaingia hadi wapi?
- Chumba ni ghorofa ya ngapi? Vya chini hushika unyevu zaidi na mbu ni wengi.
- Maji ya bombani ni matamu au ya chumvi? Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima.
- Umeme ukikatika kuna jenereta, na inawasha feni za vyumbani au taa za korido tu?
- Je, mna ukarabati wakati huo? Hoteli za pwani hutumia miezi hii kubomoa na kupaka rangi. Nyingine hufunga bwawa au mkahawa, na chache hufungwa kabisa.
- Kutoka lami hadi mlangoni ni umbali gani, na njia ikoje mvua ikinyesha?

Mwishoni omba video fupi ya chumba iliyopigwa siku hiyo hiyo. Mwenye chumba kizuri huituma bila kusita.

Tahadhari: chumba kinachotazama bahari moja kwa moja ndicho kinachopigwa na kusi. Kama dirisha halifungi vizuri, utasikia mluzi usiku kucha na shuka zitashika chumvi. Chumba cha ubavuni, kinachoona bahari kwa pembeni, mara nyingi ni kitulivu zaidi na bei yake ni nafuu.

## Hatua ya 3: Karatasi na pesa

Raia wa Uganda huvuka kwenda Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianza kuwadai wageni wengine Januari 2024. Asikudanganye mtu ukakilipia. Hata hivyo pasipoti inasaidia, hasa unapotaka kusajili laini ya simu ya Kenya.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu kadi haihesabiki kabla ya hapo. Kama ulichanjwa zamani na kadi imeandikwa miaka 10, usihangaike: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambulika kwa maisha yote. Ibebe kwenda na kurudi.

Pesa badilisha Kampala kwenye duka la fedha, kiasi cha kukutosha siku mbili. Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa kati ya 27 na 29 za Uganda. Angalia kiwango cha siku hiyo na ukiandike. Wale wanaokukimbilia mpakani na mabunda mkononi waache wapite. Noti hukunjwa mara mbili, hesabu hufanywa haraka, na basi lako linapiga honi.

Nyingine zote ziwe kwenye simu. Kenya karibu kila mtu, hata muuza madafu, hupokea M-Pesa. Sajili laini ya Safaricom mara mfikapo, kisha jitumie pesa kutoka kwenye MTN yako kidogo kidogo.

Neno moja la faragha kwa wenzi: kubalianeni kabla ya kuondoka nani anashika pesa za safari na kiasi gani ni cha kila siku. Asubuhi ya mvua katika mji wa kigeni si wakati wa kuanza kuulizana.

## Hatua ya 4: Kampala hadi Nairobi

Safari ya basi ni kama kilomita 650 na huchukua saa 12 hadi 14 barabara ikiwa nzuri. Mabasi mengi huondoka jioni na kufika asubuhi. Busia na Malaba zote zina kituo kimoja cha pamoja: unatoka Uganda na kuingia Kenya ndani ya jengo moja. Shukeni pamoja, simameni foleni moja, na kitambulisho kila mtu ashike chake.

Begi lenye vitu vya thamani lisibaki ndani ya basi. Nguo za begi kubwa la chini ya basi zifunge ndani ya mfuko wa turubai, kwa sababu sehemu hiyo mara nyingi huvuja mvua ikinyesha njiani.

Sweta sasa. Barabara inapanda milima ya Bonde la Ufa, na usiku wa manane baridi yake haina mzaha.

Usiunganishe basi na treni ya asubuhi hiyo hiyo. Daraja moja likifurika au lori moja likipinduka, tiketi ya treni imekwenda. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalikata barabara sehemu nyingi za Kenya. Lala Nairobi usiku mmoja. Gharama ya chumba cha kawaida ni ndogo kuliko hasara ya tiketi mbili na ugomvi mmoja.

Mwenye uwezo wa ndege kutoka Entebbe ataruka hatua hii na inayofuata, na kutua Uwanja wa Ndege wa Moi, ambao uko upande wa bara wa Mombasa.

## Hatua ya 5: Treni ya asubuhi

Treni ya reli mpya, Madaraka Express, hutoka Syokimau nje kidogo ya Nairobi hadi Miritini nje kidogo ya Mombasa. Kuna ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya katikati, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 za Kenya daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza.

Chukua ya asubuhi, ingawa ndiyo ya polepole zaidi. Sababu ni mbili. Ya alasiri hukufikisha usiku na ya usiku hukufikisha alfajiri, na kutafuta gari Miritini gizani mvua ikinyesha ndiko kunakoharibu safari kabla haijaanza. Pia reli inakata katikati ya Tsavo, na mchana unaweza kuona tembo wekundu kwa udongo wa huko. Wakati wa mvua nyasi ni ndefu na maji yako kila mahali, kwa hiyo wanyama hutawanyika. Kaa dirishani na uvute subira.

Tiketi hukatwa mtandaoni au kwa simu kwa kupiga *639#, na malipo ni kwa M-Pesa. Mwisho wa juma na sikukuu hujaa mapema sana. Kama bado huna laini ya Kenya, mwombe ndugu au rafiki aliye Nairobi akukatie, umrudishie. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu.

Fikeni Syokimau saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, na foleni ni ndefu. Waragi na kisu cha matunda havipandi treni.

Umefaulu ikiwa alasiri mapema mko Miritini, jua lipo, na mmeshapatana na dereva.

## Hatua ya 6: Saa tatu za kwanza

Ulizia hotelini mapema nauli ya haki kutoka Miritini hadi kwenu, ndipo upatane na dereva. Salamu kwanza. Mombasa mtu akianza na "ngapi?" bila kumjulia hali mwenzake anaonekana amekosa adabu, na bei yake hupanda. Sema "Shikamoo mzee" au "Habari za mchana, kaka", ngoja ujibiwe, kisha "Naomba utupeleke Nyali."

Mkifika chumbani, kabla ya kulaza begi, washa feni, fungua bomba la maji moto, funga na ufungue madirisha, nusa mashuka na uangalie chandarua kama kina tundu. Lenye kasoro lisemwe sasa. Msimu huu vyumba vitupu ni vingi na kuhamishwa ni rahisi. Kesho watakuwa wameshakuandikia chumba hicho.

Jua la Mombasa huzama karibu nusu saa kabla ya la Kampala. Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na robo hivi giza linaingia. Wageni wengi hukutwa na usiku ufukweni kwa sababu ya kufuata mazoea ya nyumbani.

## Hatua ya 7: Gawa siku kwa mvua na maji

Huu ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa siku za bamvua.

Asubuhi, mvua. Lala. Kweli, lala. Mlikuja kupumzika. Kisha chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi, roshani, na mazungumzo ambayo nyumbani hukatizwa na watoto na simu za kazini.

Saa tatu hadi saa tano, maji yamepwa. Mvua ikinyamaza, vaeni viatu vya mpira mtembee kuelekea mwamba, ule ukuta wa matumbawe ulio mbele ya ufuo. Mtaona madimbwi yenye samaki wadogo, kaa, na wanyama weusi wa miiba mirefu ambao hamtaki kuwakanyaga. Angalieni saa. Maji yakishaanza kugeuka, nanyi geukeni, maana hujaa kwanza mifereji iliyo nyuma yenu.

Mchana. Chakula chini ya paa. Uliza samaki gani ameletwa leo. Wakati wa kusi bahari huchafuka kwa mawimbi na wavuvi wengi hawaendi mbali, kwa hiyo samaki huadimika na wa barafuni hujitokeza mezani. Kama hakuna wa leo, kula biriani au kuku wa kupaka bila majuto.

Saa nane hadi saa kumi, maji yanajaa. Sasa ogeleeni.

Magharibi. Nenda Mama Ngina, ule ufuo wa kisiwani uliokarabatiwa mwaka 2019, penye mibuyu mikubwa inayotazama mlango wa bandari. Nunueni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu kila mmoja, mtazame meli zinavyoingia karibu kama mtu angeweza kuzigusa. Kwangu hakuna mahali pazuri zaidi pa wenzi wawili mjini Mombasa, na kuingia ni bure.

## Hatua ya 8: Bahari bila kuhatarisha maisha

Wengi wetu tumekulia kwenye ziwa au mbali na maji kabisa. Bahari ya bamvua wakati wa kusi ina kanuni zake.

Ingia maji yakiwa yanajaa, toka yakikaribia kufika juu. Yakianza kupwa hukimbilia kwenye milango ya mwamba, yaani mapengo yake, na mkondo wake humvuta hata mwogeleaji hodari. Ukivutwa, usishindane nao kurudi nchi kavu. Ogelea sambamba na ufuo hadi utoke ndani yake, ndipo urudi.

Siku za bamvua kuu maji yanaweza kufunika ufuo mzima hadi kwenye kuta za hoteli. Msitembee mbali mkajikuta katikati ya ukuta na mawimbi.

Mwani utakuwepo, mwingi, kahawia, umelala mchangani. Hauna madhara. Asubuhi hoteli nyingi huufagia.

Safari za boti kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite kuona pomboo na matumbawe ziache hadi safari ya kaskazi. Msimu huu bahari ni ya kurusha, maji yamechafuka na nyingi huahirishwa. Kijana wa ufukweni atakuapia kwamba leo ni shwari. Mshukuru kwa upole na uendelee na njia yako. Ngalawa ya saa moja ndani ya mwamba inatosha, mradi kila mtu amevaa jaketi ya kuelea kabla ya kusukumwa.

Kila asubuhi sikiliza taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani ya Tanzania, watu wa pwani ya Kenya nao walionywa wakae mbali na bahari. Ukisikia onyo la namna hiyo, hakuna "tutazame kidogo tu".

## Hatua ya 9: Siku ya mvua kutwa

Tarajia moja katika siku nne. Ikija, ingieni kisiwani.

Anzeni Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kuanzia mwaka 1593, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011. Sehemu kubwa ni wazi, lakini kuna kumbi za makumbusho zenye paa, na kuta zake zikilowa rangi hukolea. Beba kitambulisho langoni na uulize kiingilio cha Afrika Mashariki kabla hujalipa.

Toka hapo kwa miguu uingie Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba na mawe huteleza, kwa hiyo viatu vyenye soli. Mavazi yawe ya staha, mabega na magoti yafunikwe, na mikono ya wapenzi itulie kidogo. Watu wanaishi humo. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza. Ijumaa, kama saa sita na nusu hadi saa nane, maduka mengi hufungwa kwa swala.

Mtaa wa Biashara ndiko kwenye leso. Someni maandishi yake kabla ya bei. Mume anayemchagulia mkewe leso kwa rangi peke yake hajui amempelekea ujumbe gani. Sokoni Marikiti kuna viungo vya pilau, ukwaju na mabuyu. Jioni, viazi karai na mishikaki kwa meko ya barabarani, kahawa tungu na kashata.

Haller Park ya Bamburi, penye twiga na kobe wakubwa, inafaa kwa siku ya manyunyu. Mvua kubwa ikinyesha, njia zake zinakuwa tope.

## Hatua ya 10: Kurudi

Siku ya mwisho isiwe ya kuogelea. Nguo mbichi zilizofungwa begini kwa siku mbili zitaota ukungu, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni mara moja. Zianike roshani tangu jana yake, feni ikiwa imeelekezwa kwake.

Rudi kwa treni ya saa mbili asubuhi, lala Nairobi, panda basi kesho yake. Epuka treni na mabasi ya Jumapili. Siku ile ya ziada uliyoomba kazini iweke hapa, mwishoni, kwa sababu barabara ikikatika ni afadhali ukwame ukiwa bado una ruhusa.

Mpakani toa kadi ya njano pamoja na kitambulisho, maana upande wa Uganda pia huulizwa. Pesa za Kenya zilizobaki zibadilishe Kampala, au ziache kwenye laini ile ile ya simu. Itumie angalau mara moja moja isije ikafungwa, na andika namba yake nyuma ya lile jedwali la maji.